Chemchemi Aliyokodishwa Kanga

Kisima cha mwisho cha Nyika kilikauka siku ile Ngiri alipozamisha pua yake ndani, akaitoa imejaa vumbi. Tangu hapo hapakuwa na mazungumzo mengine katika nchi ile ila maji: nani kayaona, wapi, na kama aliyeyaona ni wa kuaminika.

Ukoo wa kanga ulikutana asubuhi yake. Walikuwa kanga thelathini, ukiacha vifaranga, na wote walikuwa wanasema kwa wakati mmoja, kama ilivyo desturi yao. Habari waliyokuwa nayo ilitoka kwa Korongo, ambaye hushuka pwani kila mwaka. Ng'ambo kulikuwa na Kisiwa cha Mikandaa, na upande wa kusini wa kisiwa hicho chemchemi isiyokauka. Mwenye chemchemi alikuwa Bi Kasa, mpole na mwenye mkono wazi. Kufika huko hakukuhitaji chombo. Maji ya bahari yakipwa sana, wakati wa bamvua, fungu refu la mchanga hutokeza, na kila mwenye miguu huvuka. Bamvua likipita, njia hufunikwa mpaka nusu mwezi nyingine.

"Aende mmoja kwanza," walikubaliana mwishowe. "Atutafutie mahali, atulipie. Sisi na watoto tutavuka bamvua linalofuata."

Macho yote yakamgeukia Bi Kanga, mkubwa wao. Hakuna aliyeuliza sababu. Bi Kanga alikuwa na mdomo. Aliwahi kubishana na Mchwa juu ya punje moja ya mtama tangu asubuhi mpaka jua kuzama, na Mchwa akamwachia punje, na kichuguu chenyewe akakihama.

"Mimi siibiwi," alikuwa akipenda kusema. "Anayetaka kuniibia atafute kazi nyingine."

Wakampa vikapu viwili vya mtama. Mdogo wake, Kishungi, ndiye aliyemfungia mzega begani, kikapu mbele na kikapu nyuma.

"Dada," akamwambia kwa sauti ya chini, "hicho ndicho chakula chetu mpaka mvua. Hakuna kingine."

"Kwani hunijui?" Bi Kanga akajibu, akaondoka.

Alivuka fungu la mchanga mchana, jua la utosi. Alipokanyaga kisiwa, vidole vyake vilikuwa vimebabuka na ulimi umemkauka kama jani. Mbele yake, kwenye kivuli cha mti wa mkungu, alisimama Sungura, safi, masikio yamechanwa vizuri, na mikufu ya makombe imening'inia mkononi mwake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba."

"Pole na safari. Lete nikupokee mzigo."

"Mzigo wangu naubeba mwenyewe."

"Vyema kabisa," Sungura akasema, na alionekana kufurahi kweli. "Wageni wote wangekuwa kama wewe, kisiwa hiki kisingekuwa na mwizi hata mmoja. Endelea hivyo hivyo, shangazi. Usimwamini mtu. Hapa kuna wajanja wa kila namna."

Bi Kanga alimtazama upya. Kijana mwenye adabu, akawaza, na tena mkweli.

"Na unafikia wapi?"

"Kwa Bi Kasa."

Sungura akashusha masikio yote mawili. Alichora mchangani kwa kidole cha mguu, akafuta alichochora.

"Kuna nini?" Bi Kanga akauliza.

"Sipendi mimi ndiye niwe wa kukupa habari hizi, na hata mchanga wa safari hujaukung'uta."

"Sema tu, mwanangu."

"Chemchemi ya Bi Kasa iliingiwa na maji ya chumvi. Mwenyewe amerudi zake baharini. Usinisikilize mimi, nenda ukaone. Ni nusu siku kwenda na nusu siku kurudi, ukitembea upesi." Akaangalia juu, kwenye jua. "Haya, shangazi. Mungu akusaidie."

Akageuka, akaanza kwenda zake. Bi Kanga alilitazama lile jua, akaitazama njia ya kusini ambayo haikuwa na kivuli hata kimoja. Mzega ulikuwa umemkata bega.

"Wewe kijana," akaita. "Hakuna mahali pengine?"

Sungura alikuwa amekwisha kugeuka kabla swali halijaisha.

"Papo," akasema. "Sikutaka kukutajia, usije ukadhani nina langu jambo. Njoo nikusindikize. Sitaki kitu."

Walikwenda bega kwa bega wakizungumza. Walipofika kwenye pandikizi la jiwe, Sungura alitoa mkufu mmoja mkononi akamvika Bi Kanga shingoni, upesi, kama anayemtoa mdudu.

"Bei gani?" Bi Kanga akauliza papo hapo.

"Shangazi, usinitukane. Ni zawadi. Kwetu mgeni hatembei shingo tupu."

Hawakupiga hatua ishirini, Fisi akatokea nyuma ya jiwe. Kichwani alikuwa amevaa kifuu cha nazi, na mkononi ameshika fimbo. Bi Kanga hakuwahi kumwona Fisi amesimama wima kiasi kile.

"Simama hapo," Fisi akasema. "Mimi ni askari wa kisiwa. Mkufu huo umeupata wapi? Makombe ya hapa hayavaliwi bila kibali."

"Nimepewa."

"Na nani?"

Bi Kanga akamtazama Sungura, na Sungura akamtazama Bi Kanga kwa macho ya kuomba. "Shangazi, huyu ni mkali," akanong'ona. "Niachie mimi." Akamvuta Fisi pembeni. Wakasemezana kwa muda, mikono ikirushwa, kichwa cha Fisi kikitikisika. Sungura aliporudi alikuwa anajifuta jasho.

"Alitaka kikapu kizima. Nimembembeleza mpaka amekubali pishi moja. Mpe, tuondoke kabla hajabadili mawazo."

Bi Kanga akapima pishi moja ya mtama, akatoa na asante juu yake. Wazo lilimpitia kwamba Fisi na mtama wapi na wapi. Lakini Sungura alikuwa amekwisha kushika njia, na wazo lile halikupata nafasi ya kukaa.

Mahali penyewe palipendeza. Kulikuwa na ua wa makuti mapya, kivuli, na katikati ya ua shimo la mchanga lililojaa maji maangavu mpaka kwenye ukingo. Bi Kanga alitia mdomo. Yalikuwa matamu, ya baridi. Alikunywa mpaka akasikia yanatikisika ndani.

"Msimu mzima," Sungura akasema, "wewe na ukoo wako wote. Vikapu viwili."

Hapo Bi Kanga akaamka. Hii ndiyo kazi aliyotumwa, na ndiyo aliyoijua. Alilikosoa shimo, akaukosoa ua, akayakosoa makuti. Alisema maji yana harufu ya pwani. Alisema kwao Nyika chemchemi kama hii hupewa mbuzi. Aliinuka mara tatu akajitwika mzega kama anayeondoka.

"Haya, nenda, shangazi," Sungura akasema mara ya tatu, kwa unyonge. "Alasiri anakuja Swala na jamaa zake, nao wamekwisha kuniambia wanapataka. Lakini roho yangu imekupenda wewe. Nipe kikapu kimoja na robo tatu."

"Kimoja na nusu."

"Shangazi, umenichuna ngozi."

"Kimoja na nusu, au nakwenda kukaa juani."

Sungura akafumba macho kama mtu anayemeza dawa. "Chukua," akasema. "Lakini nilipe sasa, nisije nikafikiri tena nikajuta."

Akaondoka na mtama, mgongo umempinda kwa huzuni. Bi Kanga akabaki na kilichosalia kikapuni, mafungu machache tu ya kudonoa, akajilaza kivulini akijipongeza. Alimwonea huruma kidogo yule kijana.

Asubuhi shimo lilikuwa limekauka.

Mwanzoni hakushtuka. Alidhani chemchemi za pwani huenda hupanda na jua, kama wenye nyumba wengine wasioamka mapema. Akangoja. Jua likapanda, maji hayakupanda. Adhuhuri aliingia mwenyewe shimoni akaanza kuchakura. Akachakura mchanga uliolowa, kisha mchanga mkavu, kisha akagonga kitu kigumu. Kilikuwa kifuu cha nazi, kimefungwa kamba kama ndoo, kimesahaulika chini na mtu aliyekuwa na haraka.

Bi Kanga akakaa chini ya shimo lile muda mrefu. Aliuona mkufu shingoni mwake. Aliliona lile shimo likijazwa kifuu baada ya kifuu, na kisha akajiona yeye mwenyewe, akibishania bei ya maji ya kumwagwa. Hilo la mwisho ndilo lililomchoma. Angeibiwa akiwa amelala, angepiga kelele mpaka Nyika. Lakini aliibiwa akiwa macho, tena akiwa anashinda.

Jirani yake kulikuwa na ua mwingine wa makuti. Akaenda kuchungulia. Ndani alikuwa ameketi Simba, shingo juu, manyoya yamekunjuka mabegani, midomo imepasuka kwa kiu. Mwaka huo wa ukame wote waliovuka kisiwani walikuwa wamekula yamini kutokulana mpaka mvua inyeshe, kila mgeni na akiba yake, kwa hiyo Bi Kanga hakuogopa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Habari za maji, mzee?"

"Yapo," Simba akasema. "Mengi." Pembeni yake shimo lilikuwa kavu, na buibui ameanza kulijenga. "Mimi sina tabia ya kunywa kila siku. Hayo ni mambo ya watu wadogo. Na kwako?"

Bi Kanga akafungua mdomo aseme, na mdomo ule ambao haukuwahi kumwangusha ukasema, "Kwangu yanafurika, mzee. Nalalamika tu umande."

"Vizuri," Simba akasema.

"Vizuri," Bi Kanga akasema. Wakaagana kwa heshima, kila mmoja na kiu yake.

Siku ya tatu kiu iliishinda haya yake. Akashika ile njia ya kusini isiyo na kivuli, na kabla jasho halijamtoka vizuri akasikia maji. Haikuwa nusu siku. Ilikuwa mwendo wa kuchemsha kunde. Nyuma ya mikandaa, jiwe lilikuwa linatoa maji bila kusimama, na kando ya maji alikuwa amelala Bi Kasa, mkubwa, mzito, macho yamelowa kama kawaida yake.

"Wewe ndiye Bi Kanga," akasema polepole. "Korongo alinipa salamu zako. Nilikungoja juzi."

Bi Kanga alikunywa kwanza. Alipoinua kichwa, alikuwa na jibu tayari.

"Nilikuwa napunga upepo, dada. Nikasema niizunguke pwani kidogo kabla sijaja kukusumbua."

Bi Kasa aliutazama ule mkufu. Kila jambo alilifanya taratibu, hata kutazama.

"Wote wanaonifikia huja na mkufu kama huo shingoni," akasema. "Na wote huniambia walikuwa wanapunga upepo."

Bi Kanga akaufunika mkufu kwa bawa.

"Wengine hawanifikii kabisa. Hukaa kwenye yale mashimo wakilamba umande mpaka bamvua, halafu hurudi kwao wakasema kisiwa ni kizuri. Sasa hivi najua mambo mawili matatu ya Sungura, lakini nayajua kwa kuyakisia, maana hakuna aliyewahi kuniambia lililompata. Mgeni akiulizwa na mgeni mwenzake, husema kwake yanafurika."

Bi Kanga akahisi joto likimpanda mpaka kwenye ushungi.

"Na wewe kwa nini usiende ukawaambie kule kwenye fungu?"

"Kwa miguu hii? Nikianza safari bamvua linapoingia, nafika limekwisha kupita, na mayai yangu siwezi kuyaacha peke yake." Bi Kasa akapumua. "Hapa hapalipiwi, mwanamke mwenzangu. Ninachoomba kwa mgeni ni awe macho na kunguru, wasinifukulie mayai yangu mchangani."

Hapalipiwi. Bi Kanga alilirudia neno hilo moyoni kama anayeuma jiwe ndani ya wali. Mahali pa kukaa alikuwa amepata. Chakula cha thelathini na watoto wao kilikuwa kwa Sungura, na siku kumi na moja baadaye wangevuka, wakiwa wamemtegemea yeye. Na kwenye kivuli cha mkungu, wa kwanza kuwapokea angekuwa yule yule kijana mwenye adabu.

Akaanza kuzunguka kisiwa. Hakuuliza kitu, aliangalia tu. Siku ya tano alimkuta Fisi nyuma ya lile jiwe, kofia yake ya kifuu imewekwa chini, akitafuna kitu cheusi kwa hasira.

"Hujambo, askari," Bi Kanga akasema. "Ule mtama wangu uliupenda?"

"Mtama gani? Mimi ng'ombe?" Fisi akasema, kisha akakumbuka kazi yake akashika kofia. "Yaani, umepelekwa panapohusika."

"Nakuona unakula chakula kigumu."

Fisi akakitema kile kitu akakitazama. Ilikuwa kwato ya nyumbu. "Ndiyo malipo ya Simba haya," akanung'unika. Njaa ilikuwa imemlegeza ulimi. "Kwato nne kavu. Mbili zangu, mbili za mwenzangu. Tunagawana sawasawa. Siku hizi hata wafalme wamefilisika."

Bi Kanga alitaka kusema neno. Alitaka sana. Akaubana mdomo wake, na hiyo haikuwa kazi ndogo kwa kanga. "Pole," akasema tu, akaenda zake. Njiani alikuwa anatembea upesi zaidi kuliko ilivyohitajika. Simba wa Nyika, anayekataa hata kukiri kwamba ana kiu, angelipa kwato?

Siku ya bamvua fungu lilitokeza tangu mapema, na wageni wakaanza kuonekana kwa mbali kama mstari wa siafu. Walikuwemo Ngiri na mkewe, jamaa ya Swala, na nyuma yao ukoo wote wa kanga ukija kwa makelele. Sungura alikuwa kivulini, mikufu mkononi. Fisi alikuwa nyuma ya jiwe, kifuu kichwani. Simba naye alikuwa ameteremka pwani, akisema anataka kuona kama bahari ingalipo.

Kishungi alipoweka mguu wa kwanza nchi kavu, Sungura alisogea. "Shikamoo, shangazi. Pole na safari. Lete nikupokee..."

"Usimpe kitu."

Bi Kanga alikuwa juu ya gogo. Sauti ya kanga huvuka mbuga nzima, na siku hiyo hakuibakiza.

"Mnanijua," akasema. "Mimi ni yule asiyeibiwa. Nimeibiwa. Kijana huyu aliniambia Bi Kasa amehama, na hajahama. Alinivika mkufu wa bure nikaulipia. Akanikodisha shimo lililojazwa maji kwa kifuu, nami nikabishana naye bei mpaka nikajiona bingwa. Mtama wenu nilimpa yeye."

Kisha kanga mmoja akacheka, na mwingine akafuata.

"Wewe, dada?" Kishungi akauliza. "Aliyemhamisha Mchwa?"

Sungura alitikisa kichwa polepole, kwa huruma. "Jua limempata," akawaambia wageni kwa sauti ya upole. "Siku kumi sasa anasema maneno kama haya. Sisi wenyeji tunampelekea maji, maskini. Msimcheke."

Na wageni wakamwamini. Ngiri mwenyewe alikuwa amekwisha kutua mzigo wake miguuni mwa Sungura. Bi Kanga aliona nyuso za ndugu zake zikianza kumwangalia kwa namna wanavyoangaliwa wagonjwa. Ukweli wake haukutosha. Jina lake la zamani ndilo lililokuwa linamtetea Sungura.

Akageuka upande wa Simba.

"Basi mwulizeni mzee Simba," akasema. "Na yeye alikodi shimo kwa huyu huyu. Ila mzee hakupoteza sana. Hali imekuwa ngumu hata kwa wakubwa. Yeye alilipa kwato nne tu, za nyumbu, kavu."

Simba aligeuza shingo.

"Kwato?" akasema.

"Nne, mzee. Si aibu. Sote tumefilisika."

"Nani amesema nimelipa kwato?" Simba alisimama, na Swala wote wakarudi nyuma hatua moja. "Mimi? Mimi nilipe kwato, kama mchuuzi wa supu? Nililipa paja la nyumbu. Paja zima, lililokaushwa kwa moshi, la nyuma, lenye mafuta yake. Na figo juu. Kwa shimo ambalo halijatoa tone tangu siku niliyofika."

Ndipo alipojisikia alichosema. Akafunga mdomo, akatazama bahari kwa makini sana.

Lakini nyuma ya jiwe fimbo ilikuwa imeanguka. Fisi akatoka, kifuu kimemlalia sikioni.

"Paja?" akasema.

"Bwana Fisi," Sungura akasema upesi, "tutazungumza baadaye."

"Paja lenye mafuta?"

"Askari, uko kazini."

"Askari nini," Fisi akasema, na sauti ilimtetemeka kama ya mtu aliyefiwa. "Nimebeba maji mimi. Kutoka kwa Bi Kasa, kwa kifuu, kila bamvua alfajiri, nayajaza mashimo yako, mgongo unaniuma. Nimesimama kwenye jiwe hili na kofia hii ya kijinga nikiwatisha watu. Ukaniambia tunagawana sawasawa. Ukanipa kwato. Liko wapi paja langu?"

Hapakuwa na haja ya shahidi mwingine. Ngiri akanyanyua mzigo wake. Mke wa Swala, aliyekuwa amevikwa mkufu bila kujijua, akauvua akautupa kama nyoka.

Fisi hakungoja. Alikwenda moja kwa moja kwenye mapango ya matumbawe, na kundi zima nyuma yake, na kwa pua yake alilipata ghala la Sungura kwa muda mfupi. Ndani mlikuwa na mtama wa Bi Kanga, ukiwa umepungua kidogo sana. Mlikuwa na asali, karanga, na mihogo mikavu ya wageni waliokwisha kurudi kwao wakisifu kisiwa. Na juu, penye ubaridi, lilining'inia lile paja, limeliwa nusu tu. Fisi alilirukia. Mkono mzito ukamtua begani.

"Hilo," Simba akasema, "ni langu."

Sungura wakati huo alikuwa amekwisha kufika katikati ya fungu, anakimbia. Aliyahesabu maji vibaya, kwa mara ya kwanza katika maisha yake pengine, kwa kuwa alikuwa na haraka. Bahari ilimkuta hajamaliza. Mikufu ya mkononi ikamvuta chini, akaitupa mmoja mmoja akiogelea, na aliyeona anasema aliutupa wa mwisho kwa uchungu kuliko yote. Akatokea upande wa Nyika akichuruzika, kitu pekee kilicholowa katika nchi nzima, na jua likamkausha kabla hajamaliza kukohoa. Huko alikaa mpaka mvua, akilamba umande kwenye mawe.

Fisi alipewa kazi ya kufukia mashimo yote aliyoyachimba, kwa ujira wa mifupa. Aliifanya akilia.

Kanga walihamia kusini siku ile ile, na kelele zao ziliwafanya kunguru waliache yai la kasa na harufu yake. Jioni Simba alimjia Bi Kanga, akasimama kando kama mtu aliyepita tu.

"Nilikuwa nimekwisha kumgundua yule kijana," akasema. "Nilikuwa nangoja nione atafika wapi."

"Naam, mzee."

"Lakini si lazima habari hii ya shimo langu ifike Nyika."

Bi Kanga akafikiri. Angeweza kumwahidi, na mzee angefurahi.

"Itafika, mzee," akasema. "Nitaanza na langu kwanza. Nikimaliza langu, lako halitamchekesha mtu."

Na hivyo ndivyo alivyofanya. Kila bamvua, mpaka mvua iliporudi na hata baada yake, aliwangojea wageni pale penye mkungu. Aliwaambia waulize habari za mwenyeji kwa mwenyeji mwenyewe; wasivae cha bure; wasilipe kodi ya msimu mzima kwa haraka ya mchana mmoja. Kisha aliwasimulia yeye alivyoponzwa, na hakuruka hata pale alipojilaza kivulini akimwonea huruma mwizi wake. Wageni walimcheka mpaka wakashika mbavu. Alikuwa anawaacha wacheke, kwa sababu alikuwa amekwisha kuona Sungura aliishi kwa kitu gani miaka yote ile: hakuishi kwa ujanja wake, aliishi kwa kimya cha aliowaibia. Walipomaliza kucheka walijifuta machozi, wakainua mizigo yao, wakaenda nayo kusini yote, bila kupungua punje.